Mavi ya Kale Huelea

Waswahili husema mavi ya kale hayanuki. Ni methali nzuri, na ukiwa umesimama Lamu au Kilwa huna sababu ya kuitilia shaka. Ardhi ya pwani ni mwamba wa matumbawe, wenye vitundu kama mkate wa kumimina, na wenyeji wake walikuwa na vyoo ndani ya nyumba za mawe karne nyingi kabla mtu wa Ulaya hajajua raha ya kuvuta mnyororo. Magofu ya Gede na Songo Mnara yanaonyesha hadi leo mashimo yake na mahali pa kutawadhia. Maji yalipenya kwenye matumbawe yakaenda zake, kilichobaki kikakauka, na baada ya miaka kadhaa kikawa udongo usio na ugomvi na pua ya mtu. Aliyetunga methali hiyo, nadhani, hakuwa malenga bali fundi wa majitaka. Tabu ni kwamba methali imesafiri. Imepanda basi, imevuka Mikumi, imepita Makambako, imekata kona pale Uyole, imeshuka mteremko wa Tukuyu katikati ya migomba na chai, na ilipofika Kyela ikaona ufukwe na mitumbwi, ikadhani imerudi kwao. Haikurudi kwao. Huku bondeni, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mavi ya kale hunuka, na ukifika mwezi wa nne huelea.

Ninalotaka kusema ni moja, na nalisema mapema ili msomaji mwenye haja asingoje: katika bonde la Kyela choo hakifai kuchimbwa. Kinafaa kujengwa, kiende juu, kama ghala la mpunga. Najua neno "kuchimba" limetukaa mdomoni. Tunachimba choo. Abiria wa basi wakishushwa porini tunasema wamekwenda kuchimba dawa, ingawa hajaonekana hata mmoja aliyerudi na mzizi. Lugha imekwisha amua kwamba haja na shimo ni ndugu wa tumbo moja. Lakini uamuzi huo ulifanyika mahali pakavu, na sisi wa bondeni hatukuitwa kwenye kikao.

Tazama jinsi nchi ilivyokaa. Juu kule uko Mlima Rungwe, mita 2,960. Mashariki inasimama milima ya Livingstone, imeegemea ziwa kama watu waliochoka. Chini kabisa ni maji ya Nyasa, kwenye mita chini ya 500 kutoka usawa wa bahari. Kati ya mlima na ziwa ni mwendo wa asubuhi moja kwa bodaboda mwenye haraka zake, na mvua yote inayonyesha huko juu haina njia nyingine ya kupita isipokuwa kwetu. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinashukia bondeni, kila mto na mzigo wake wa tope. Juu ya hiyo mvua ya wengine, tuna ya kwetu: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma hawafikishi 600 na bado wana mji mkuu. Bonde lenyewe ni mashapo, udongo ambao milima iliutupa na mito ikauleta. Bandari ya Itungi inalijua hilo vizuri, kwani mchanga umeisumbua kiasi cha meli kuhamishia shughuli zake Kiwira. Kwa maneno mengine, tumejenga nyumba, kanisa, msikiti, soko na kituo cha mabasi juu ya kitu ambacho mlima ulikitoa tumboni mwake. Mtu anayeishi juu ya uchafu wa mlima angetarajiwa kuwa na adabu zaidi na uchafu wake mwenyewe.

Sasa, kanuni ya choo cha shimo duniani kote ni nyepesi. Kitako cha shimo kikae juu ya maji ya ardhini, angalau mita moja na nusu, ili yale yanayochuruzika yachujwe na udongo kabla ya kuyafikia maji. Dodoma kanuni hii haimkoseshi mtu usingizi. Kyela, mwezi wa nne, ukitaka mita moja na nusu juu ya maji itabidi uanze kupima kutoka dirishani. Fundi anachimba kiangazi, mwezi wa tisa, anashuka mita tatu katika udongo laini, anapokea pesa yake, kila mtu anampongeza. Mvua za masika zinakuja na kugundua kwamba kuna mtu amezichimbia kisima. Shimo linajaa kabla hata familia haijalizoea. Ndipo unapomkuta mzee mzima anasimama mlangoni mwa choo, amekunja suruali hadi magotini, anatazama ndani kwa macho ya mvuvi.

Watu wakiona hivyo hutafuta wa kumlaumu, na kwa kawaida lawama humwangukia mgeni. Kulikuwa na msiba, watu walikuwa wengi. Au shemeji alikuja likizo na watoto saba. Au mjomba, ambaye kila mtu anajua anavyokula ndizi. Lakini hesabu zinamsafisha mjomba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1992 unawaambia mafundi wahesabu takriban lita 40 za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka, pale shimo linapokuwa na maji na watu wakijisafisha kwa kitu kinachooza. Familia ya watu sita, basi, inaacha lita 240 kwa mwaka mzima. Shimo la mita moja kwa mita moja, lenye kina cha mita tatu, linabeba lita 3,000. Kwa mwendo huo lingekaa zaidi ya miaka kumi na miwili, na mtoto aliyezaliwa siku ya kulizindua angekaribia kumaliza shule ya msingi likiwa bado lina nafasi. Sasa chukua paa la bati la nyumba hiyohiyo, mita za mraba 50, lisilo na mfereji wa kukinga maji. Mvua ya milimita 2,000 inaliangushia lita 100,000 kwa mwaka, na zote zinatiririka uani, na uani ndiko kwenye choo. Hiyo ni zaidi ya mara 400 ya mchango wa familia nzima, mjomba akiwemo. Anayejaza choo Kyela ni paa, ni mto na ni ziwa. Mjomba ni msindikizaji.

Wageni wanaovuka mpaka wa Kasumulu kila kiangazi na nyumba zao za magurudumu wana somo la kutupa hapa, ingawa wao wenyewe hawajui kama ni walimu. Magari hayo yana kitanda, jiko, sinki na choo, na chini ya choo kuna tenki lililofungwa, mara nyingi la lita mia moja na kitu. Mwenye gari anajua jambo ambalo mwenye nyumba hujitahidi kulisahau: kwamba alichokitoa hakikwenda popote. Kiko chini ya kiti chake, kinasafiri naye, kinaangalia mandhari. Ugonjwa wa matenki hayo ni kinyume cha wetu. Wao wakibana maji, au wakiacha koki ya kutolea wazi ili majimaji yatoke, kile kigumu hubaki peke yake na kujirundika moja kwa moja chini ya tundu, kikapanda taratibu kama kichuguu mpaka kikafika mahali pa kukaa. Wana kipimo cha umeme cha kuwaambia tenki limefika wapi, nacho ni mwongo mashuhuri: karatasi ikinasa kwenye kihisi kinasema limejaa hata kama limeoshwa jana. Sisi hatuna kipimo cha umeme. Tunainama, tunatazama, na tunachokiona kinatutazama. Hata hivyo wao wanaziba kwa ukame na sisi kwa gharika, na chanzo cha makosa yote mawili ni kusahau kwamba chini ya choo kuna chombo chenye ujazo wake. Shimo haliendi kuzimu. Ni tenki, na tenki linalovuja kuingia ndani ni tenki la maji ya mto.

Hapo ndipo hunijia hoja ya kwanza ya upinzani, na huletwa na mtu mwenye uwezo kidogo. Anasema, liite gari la majitaka, linyonye, mambo yaishe. Gari lina faida zake na sina ugomvi na dereva. Ila fikiri linanyonya nini. Shimo lenye kuta za udongo, likiwa limezama katika maji ya ardhini, ni kama kikombe kilichotobolewa ukakitumbukiza kwenye beseni. Unyonye utakavyo, beseni litakirudisha. Mwenye nyumba analipia kusafirisha sehemu ya Ziwa Nyasa kwa lori, na alfajiri yake maji yamerudi kama mtumishi mwaminifu. Aliyeerevuka zaidi hununua simtanki, anachimba, analizika liwe karo, akiamini plastiki haivuji. Ni kweli haivuji. Ila Archimedes, Mgiriki aliyepata elimu yake akiwa ndani ya beseni la kuogea, alionyesha kwamba kitu kilichozamishwa husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Tenki la lita 2,000 likishanyonywa likabaki tupu, maji ya ardhini yanalisukuma juu kwa nguvu ya uzito wa tani mbili hivi, na lenyewe lina uzito wa kilo makumi tu. Udongo wa juu yake ukiwa haba na umelowa, karo linaamka. Linainua mfuniko, linavunja bomba, linachomoza uani kama kiboko aliyekuja kuulizia njia. Mhandisi atakuambia lifungwe kwenye zege zito. Sawa. Lakini ukishafika mahali ambapo choo chako kinahitaji nanga, ni wakati wa kujiuliza kama hukununua meli.

Hoja ya pili huja ikiwa ndani ya pakiti. Ni dawa. Zipo za unga na za maji, na zipo za kienyeji: majivu, chumvi, mafuta ya taa, tindikali ya betri, kila moja na shahidi wake aliyeona choo cha jirani kikishuka. Wenye nyumba za magurudumu nao wana zao, na wapo wanaomimina barafu tenkini kisha wakaendesha gari kwa fujo, wakitumaini vipande vitasugua. Binadamu ni mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walizipima dawa za vyoo vya shimo zinazouzwa madukani na hawakuona tofauti ya maana kati ya tope lililotiwa dawa na lile lililoachwa lijiendee. Na sababu inaeleweka: shimoni tayari wamejaa vijidudu wasiohesabika ambao hiyo ndiyo kazi yao ya usiku na mchana, na kuwaongezea kijiko cha vijidudu wa dukani ni sawa na kupeleka kata ya maji Matema kuongeza ziwa. Kushuka kwa choo cha jirani kuna maelezo yasiyohitaji pakiti. Mwezi wa saba ulifika, mvua ilikwisha, maji ya ardhini yakashuka, na choo kikashuka nayo. Kiangazi ndiyo dawa pekee iliyothibitishwa Kyela, na haiuzwi.

Kabla sijasahau, mjomba nimemsafisha lakini familia nzima sijaisafisha. Mwongozo uleule unapandisha lita 40 hadi 60 pale watu wanapojipangusa kwa vitu vigumu visivyooza upesi. Gunzi la mahindi lina historia ndefu na heshima yake, lakini gunzi kavu ni boya. Ongeza nepi za watoto, zilizotengenezwa makusudi zinywe maji na kuvimba; ongeza chupa, viwembe, vitambaa, na simu ambayo mwenyewe hasemi iliingiaje. Shimo limekuwa sanduku la siri za nyumba. Kila kisichotakiwa kuonekana huenda huko, kwa imani kwamba hakitaonekana tena, na masika inakuja kufanya ukaguzi wa mali mbele ya majirani.

Kuna hoja ya tatu, ambayo hairushwi hadharani lakini hutekelezwa usiku, hasa mvua kubwa inapopiga bati na hakuna anayesikia jembe. Dar es Salaam wameipa jina kabisa: kutapisha choo. Unatoboa ubavu wa shimo, unaacha maji ya mvua yaingie huku na kutoka kule, na asubuhi shimo ni jepesi na mtaa ni mzito. Mpenda hoja hii huniambia kwamba Kyela tuna bahati kuliko Dar kwani huku hata kutoboa si lazima, mafuriko yenyewe yanatapisha kwa zamu, kijiji hadi kijiji, bure. Ni kweli. Ni huduma isiyobagua dini wala chama. Ila yana tabia moja mbaya, hayaulizi anwani. Kilichotoka kwako kinaingia kisimani kwa jirani, na cha jirani aliye juu kidogo kinaingia kwako, hivyo katika bonde lililo tambarare kila mtu anakunywa cha mwenzake na hesabu zinakwenda sawa. Kipindupindu kilipoingia Tanzania mara ya kwanza katika miaka ya 1970, na kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa sehemu kubwa ya nchi, hakikuhitaji njia nyingine zaidi ya hii. Vijidudu vyake vingekuwa na bendera, juu yake kungechorwa choo kilichotapika.

Wengine huongeza: yote hayo yanaishia ziwani, na ziwa ni kubwa. Kubwa ni kweli, kina chake kinafika kama mita 700. Lakini ukubwa usitufanye tusahau kwamba nalo ni tenki. Mito inayoingia ni mingi, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Shire, mbali kusini upande wa Malawi. Na mlango huo uliwahi kuziba. Tangu mwaka 1915 hivi, ziwa likiwa limeshuka, mchanga na majani yakajikusanya pale Shire inapoanzia, na kwa miaka ishirini hivi maji hayakutoka kwa njia hiyo. Ziwa likaanza kupanda, mwaka hadi mwaka, hadi likapita juu ya kizibo na kukisafisha katikati ya miaka ya 1930. Hakuna gari la kunyonya lililoitwa. Watu wa ufukweni walichoweza kufanya ni kusogeza nyumba. Ninapoambiwa kwamba ziwa litameza uchafu wetu, humkumbuka mbasa, ambaye ndiye kitoweo cha fahari cha pande hizi, na ambaye hakuombwa ushauri. Anakula humo, halafu sisi tunamla yeye kwa wali.

Basi tufanyeje? Tupande juu. Unaanza na msingi juu ya ardhi, unajenga chumba cha matofali ya kuchoma chenye sakafu ya zege isiyopitisha maji, unakipiga lipu ndani, unakigawa katika vyumba viwili, unaweka slabu juu, ukuta, paa na bomba la kupumulia, na ngazi za kupandia. Wavietnamu walianza kueneza vyoo vya namna hii, vyenye vyumba viwili juu ya ardhi, katika miaka ya 1950, nao ni watu wa mabonde ya mpunga kama sisi. Chumba cha kwanza kinatumika mpaka kijae, kinafungwa, mnahamia cha pili. Wakati huo cha kwanza kinakauka, majivu na pumba za mpunga zikisaidia. Mkojo na maji ya kutawadhia hutengewa njia yake kwenda kwenye tuta la migomba, ili ndani pakae pakavu. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kupumzika unafungua kijimlango cha nyuma na kukuta udongo. Kwa maneno mengine, unakuwa umetengeneza kipande kidogo cha matumbawe ya Kilwa hapo uani kwako, na ile methali, baada ya safari ndefu, inapata mahali pa kulala. Na usisahau kukinga maji ya paa kwa mfereji. Zile lita 100,000 hazina ulazima wa kupita chooni, na kama una tenki safi unaweza hata kuzifulia.

Hapo wa uchumi hunyanyua mkono: gharama. Namjibu haraka kwa kuwa hoja yake ni ya kweli lakini fupi. Matofali Kyela si almasi, udongo wake tumeukalia na pumba za kuyachomea tunatupa. Saruji ni ghali, sikatai. Lakini mtu anayechimba choo kipya kila baada ya masika mbili tatu, akamlipa fundi, akanunua nguzo, akahamisha bati, amekwisha lipia choo cha juu kwa mafungu bila kukipata. Wa historia naye husema wazee wetu walijisaidia migombani na hawakufa. Wote wamekufa, lakini naelewa anachomaanisha. Mskoti Joseph Thomson alipofika ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1879 alivisifu vijiji vya huku kwa unadhifu wake hata akavifananisha na peponi. Ila wazee hao walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna, nafasi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, ameandika jinsi vijana wa rika moja walivyotoka kwa baba zao na kwenda kuanzisha kijiji chao wenyewe. Kila rika, mgomba mpya. Sensa ya 2012 iliikuta wilaya ya Kyela na watu zaidi ya 220,000, na mgomba mmoja una kikomo cha kutunza siri.

Hoja nzito kuliko zote haina uhandisi ndani yake, na wataalamu kutoka mjini huwa hawaioni. Ni aibu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu karibu milioni mbili kuzunguka redio, na wengi waliondoka pale wakachimba. Mwaka 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo, na watu wengi wakaona haya ya kuwa na nyumba nzuri na choo cha magunia. Zote mbili ziligusa mahali panapouma. Lakini choo cha shimo kina fadhila moja ambayo cha juu hakina: mtu huingia kimyakimya, nyuma ya nyumba, kama anakwenda kutazama kuku. Choo cha juu ni jukwaa. Unapanda ngazi saba mbele ya dunia, kopo mkononi, na kila aliye barabarani anajua unakokwenda na anaweza kukadiria haraka yako kwa mwendo wako. Na hapa si Ulaya, ambako mtu akikuona huangalia pembeni. Hapa anayekuona lazima akusalimu. "Ugonile!" Nawe lazima uitike, na salamu ya Kinyakyusa haikatwi katikati. Itaulizwa hali yako, ya nyumbani, ya watoto, ya mpunga, na wewe umesimama ngazi ya tano umekaza kila kinachoweza kukazwa, unajibu "ndaga, ndaga fijo", asante, asante sana, kwa sauti inayozidi kupanda. Ninakiri kwamba mbele ya picha hiyo hesabu zangu za lita hutetemeka.

Jibu langu ni kwamba aibu ipo pande zote mbili, tunachochagua ni ratiba yake. Choo cha juu kinakuaibisha kidogo kila siku, peke yako, ukiwa umevaa. Cha shimo kinakustahi miezi tisa, halafu siku moja mwezi wa nne kinatoka chenyewe, bila salamu, na kupita mbele ya wageni waliokaa barazani kikiwa na kila mlichokificha tangu mwaka juzi. Na ngazi zinatibika. Zielekezwe upande wa migomba. Ukuta wa matete uzizungushe. Anayempita mtu akiwa ngazini tukubaliane kwamba hajamwona, kama tunavyokubaliana kutowaona wanaochimba dawa kando ya barabara. Taifa zima limeweza kujizuia pale, sioni kwa nini kijiji kimoja kishindwe.

Kilichobaki, na nakiri sijakimaliza, ni baba mkwe. Kwa mila za huku mkamwana hakai uso kwa uso na baba mkwe wake, humkwepa njiani, na kushiriki naye choo kimoja ni jambo lisilosemeka. Hivyo nyumba yenye heshima inahitaji vyoo viwili, na vikiwa vya juu vinatazamana. Unaweza kuvigeuza migongo, mmoja mashariki na mwingine magharibi. Hilo fundi yeyote analiweza. Kazi iko kwenye kimo. Bonde halina usawa kamili, na maji yakija hakika yatakifikia kimoja kabla ya kingine, kwa hiyo kimoja lazima kiwe kirefu zaidi. Heshima inasema mzee apewe kile kirefu, kijana hawezi kukaa juu ya baba wa mumewe hata kwa haja ndogo. Magoti ya mzee yanasema apewe kile kifupi. Nimesikia wakijadili hilo watu wazima wenye akili zao, waliokwisha kukubaliana kuhusu matofali, saruji, pumba na bomba la kupumulia, na kikao kikavunjika kwenye ngazi ya nane. Mbombo ngafu, kazi ni ngumu. Fundi amekaa juu ya rundo la matofali, anasubiri kuambiwa aongeze kozi ngapi, na mawingu yameanza kukaa juu ya Livingstone.